Kasi Inayoliwa na Hewa

Neno risasi katika Kiswahili limebebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja: ni jina la metali laini na nzito ya rangi ya kijivu, ni jina la kipande kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki na kwenda kupiga, na ni jina la kifurushi kizima kinachoingizwa ndani ya bunduki kabla ya kufyatuliwa. Katika mazungumzo ya kila siku mzigo huo haumlemei mtu, kwa kuwa muktadha humwelekeza msikilizaji, lakini mambo hayo matatu hayana budi kutenganishwa pale inapojadiliwa kazi ya kujaza risasi kwa mkono, ambayo nchini Marekani ni shughuli halali inayofanywa nyumbani na wawindaji na walenga shabaha wengi. Katika makala haya, risasi ni kifurushi kizima, nacho kina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda ili iwake inapogongwa, baruti iliyomo ndani, na kichwa kilichobanwa kwenye mdomo wa ganda, ambacho ndicho pekee kinachosafiri hadi kwenye shabaha.

Ujazaji huu haupaswi kuchanganywa na ule wa gobore, bunduki ya kale ambayo mwenyewe humimina baruti kupitia mdomo wa mtutu na kushindilia goroli kila anapotaka kupiga, maana kazi inayozungumzwa hapa hufanyika mezani, kwa mizani na mashine ndogo ya mkono, siku nyingi kabla ya bunduki kuguswa. Msingi wake ni kwamba ganda haliharibiki linapofyatuliwa. Hutanuka kwa joto na mgandamizo, likaziba nyuma ya mtutu ili gesi isivuje, kisha likanywea kidogo, na mtu aliyeliokota anaweza kulirudisha kwenye umbo lake, kung'oa fataki iliyokufa, kupachika mpya, kupima baruti na kubana kichwa kingine. Historia ina mzaha wake katika jambo hili, kwa sababu mifumo miwili ya fataki inayotumika duniani hadi leo ilizuka miaka ya 1860, mmoja ukatoka kwa Mmarekani Hiram Berdan na mwingine kwa Mwingereza Edward Boxer, lakini ule wa Mmarekani ukaenea Ulaya na ule wa Mwingereza ukashika Marekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati ya kitako, ambalo sindano hupita na kuisukuma fataki nje kwa urahisi, ilhali la Berdan huwa na vitundu viwili vya pembeni visivyopitisha sindano, na huenda tofauti hiyo ndogo imechangia kuipa Marekani utamaduni wa kujaza risasi kuliko hotuba zote zinazotolewa huko kuhusu uhuru wa kumiliki silaha.

Anayejaza risasi zake mwenyewe huwa na sababu kadhaa, zikiwemo gharama na hamu ya kuifanyia bunduki moja risasi inayoipenda, lakini jambo linalowavuta wengi ni kasi, yaani umbali ambao kichwa hukata kwa sekunde moja kinapotoka kwenye mdomo wa mtutu. Kasi inahesabika, inalinganishika na inasifika, na kwa hiyo ni rahisi kuiona kuwa ndiyo kipimo cha ubora. Dhana hiyo ilishika mizizi baada ya mwaka 1884, wakati mkemia Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi, ambayo kwa uzito uleule hutoa nguvu nyingi kuliko baruti nyeusi ya kale, na ambayo ilikipa kichwa chembamba kasi isiyowahi kuonekana katika bunduki za mkononi. Ndani ya ganda la risasi ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo bado ni kipenzi cha wawindaji wa nchi hiyo, mgandamizo wa gesi unaruhusiwa kufika paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba, takriban mara 2,000 ya ule uliomo ndani ya gurudumu la gari dogo. Kikomo cha namna hiyo huwekwa na SAAMI, taasisi ya viwanda vya silaha na risasi vya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926, na vitabu vya vipimo ambavyo mjazaji hulazimika kuvifuata havitoki kwenye makisio, bali hutokana na majaribio ya maabara yanayopima mgandamizo wenyewe.

Tatizo la kufukuzia kasi kwa kuongeza baruti ni kwamba kasi na mgandamizo havipandi kwa mwendo mmoja. Kadiri kikomo kinavyokaribiwa, ndivyo nyongeza ndogo ya baruti inavyoleta faida haba ya kasi na ongezeko kubwa la mgandamizo, huku siku ya jua kali ikiweza kuongeza joto la baruti na kuusukuma mgandamizo huo mbele zaidi, hadi ganda lipasuke au chuma cha bunduki chenyewe kivunjike karibu na uso wa mpigaji. Hata hivyo hatari hiyo, pamoja na uzito wake, si hoja pekee dhidi ya uchu wa kasi, kwani ipo nyingine ambayo haihitaji ajali yoyote ili ithibitike, nayo ni kwamba kasi ya mdomoni ndiyo mali ambayo hewa huanza kuila mara kichwa kinapotoka.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakulijua hilo, au walilijua bila kuliheshimu. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alionyesha kwamba kitu kilichorushwa hufuata mkunjo wa parabola, ambapo mwendo wa kwenda mbele haupungui na mwendo wa kuanguka huongezeka kwa mpango, na ingawa mwenyewe alitambua kwamba hesabu hiyo huichukulia hewa kana kwamba haipo, wapiga mizinga waliomfuata walidhani kitu chembamba kama hewa hakiwezi kuzuia chuma wala metali ya risasi. Aliyewatoa gizani alikuwa Mwingereza Benjamin Robins, mzaliwa wa mji wa Bath mwaka 1707, ambaye mwaka 1742 alichapisha kitabu kuhusu kanuni mpya za upigaji mizinga na kueleza humo chombo chake, pendulamu ya balistiki. Balistiki ni elimu ya mwendo wa vitu vinavyorushwa, na pendulamu yake ilikuwa ubao mzito ulioning'inizwa kwenye fremu ili uweze kubembea, ukiwa umefungwa utepe chini yake. Goroli ilipopigwa ikazama ndani ya ubao, viwili hivyo vilirudi nyuma pamoja, utepe ukavutwa kwa kiasi cha mbembeo, na kwa kuwa uzito wa goroli na wa ubao ulijulikana, kasi ya goroli iliweza kukokotolewa kutokana na mwendo wa polepole wa ubao. Kitu ambacho jicho haliwezi kukifuata kilipimwa kwa kipande cha utepe.

Uzuri wa chombo hicho ulionekana Robins alipokisogeza mbali na bunduki na kupima tena, kwa sababu tofauti ya vipimo viwili ilimwonyesha ni kasi kiasi gani iliyopotea njiani. Aligundua kwamba goroli ya bunduki iliyokwenda zaidi ya mita 500 kwa sekunde ilizuiwa na hewa kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 100 na ushei, jambo ambalo kwa watu wa wakati ule lilikuwa kama kuambiwa kwamba pamba imelizuia jiwe. Kwa hesabu ya parabola, goroli ya kasi hiyo ikirushwa kwa pembe ya digrii 45 ingefika kilomita 27, lakini goroli ya kweli haifiki hata kilomita 2. Mwanahisabati Leonhard Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745 na kukiongezea maelezo marefu kuliko matini yenyewe, na tangu hapo balistiki ikawa elimu ya hewa kama ilivyokuwa elimu ya baruti.

Robins aliona pia kwamba ukinzani wa hewa hupanda ghafla kasi inapoukaribia mwendo wa sauti, ambao ni takriban mita 340 kwa sekunde, lakini sababu yake ilisubiri zaidi ya karne moja ili ionekane kwa macho. Mwaka 1887 Ernst Mach na Peter Salcher walitangaza picha za kichwa cha risasi kikiwa angani, zilizopigwa kwa mwanga wa cheche ya umeme, zikionyesha mbele yake mkunjo wa hewa iliyogandamizwa unaofanana na mawimbi yanayotanguliwa na omo la jahazi. Mkunjo huo ni wimbi la mshtuko, na kila wimbi linalotengenezwa limelipiwa kwa kasi ya kichwa. Anayesimama karibu na njia ya kichwa kinachokwenda kwa kasi kuliko sauti husikia mlio mkali wa mchapo kabla ya mlio wa bunduki yenyewe, na mlio huo wa kwanza ni wa wimbi hilo likimpita.

Kutokana na hayo, swali la maana kwa anayejaza risasi si kichwa kinaanza na kasi gani pekee, bali kinaweza kuitunza kwa kiasi gani, na jibu lake liko katika mambo mawili. La kwanza ni uzito ukilinganishwa na upana, kwa kuwa kati ya vichwa viwili vya kipenyo kimoja, kilicho kizito hukutana na hewa ileile kikiwa na akiba kubwa zaidi ya mwendo. La pili ni umbo, kwa kuwa ncha kali na kitako kilichopunguzwa kama cha ngalawa hupasua hewa na kuiacha ijifunge nyuma kwa utulivu, ilhali pua butu huisukuma na kitako bapa huacha nyuma yake utupu unaokivuta kichwa. Wataalamu huunganisha mambo hayo mawili katika namba moja inayoitwa kizigeu cha balistiki, ambacho hupatikana kwa kukilinganisha kichwa na kielelezo cha zamani kinachojulikana kama G1, chenye pua fupi na kitako bapa. Namba ikiwa kubwa, kichwa huchelewa kupoteza kasi. Vichwa virefu vya kisasa havifanani na kielelezo hicho cha karne ya 19, na ndiyo maana G7, chenye ncha ndefu na kitako kilichopunguzwa, kinavifaa zaidi, ingawa baadhi ya watengenezaji huendelea kutangaza namba ya G1 kwa sababu ni kubwa zaidi na inapendeza kwenye boksi.

Hakuna mfano unaolieleza jambo hili vizuri kuliko mkasa wa jeshi la Marekani na risasi yake hiyohiyo ya .30-06. Mtangulizi wake wa mwaka 1903 alikuwa na kichwa chenye pua ya mviringo na uzito wa greni 220, greni ikiwa ni kipimo ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja, nacho kilitoka kwa kasi ya futi 2,300 kwa sekunde. Wajerumani walipoleta kichwa chepesi chenye ncha kali, Wamarekani waliwafuata na kupokea cha greni 150 kilichotoka kwa futi 2,700, sawa na mita 823, na kila aliyekitazama kwenye uwanja wa mazoezi alikiri kwamba kilikwenda karibu na mstari ulionyooka. Majedwali ya jeshi yalidai kingefika yadi 4,700. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, bombomu zilipohitajika kupiga mbali, ilibainika kwamba kichwa hicho huanguka karibu na yadi 3,400, ambazo hazizidi sana kilomita 3, ilhali bila hewa kingekwenda karibu kilomita 69.

Baada ya vita vipimo vilirudiwa, na mwaka 1926 jeshi likapokea kichwa kizito zaidi, chenye zaidi ya greni 170 na kitako kilichopunguzwa, ambacho kilianza polepole kidogo kuliko kile cha greni 150 lakini kikakipita kwa kasi baada ya mita mia chache na kufika zaidi ya yadi 5,000. Kilichofuata kinachekesha na kinafundisha kwa pamoja, kwa maana kichwa hicho kilikuwa bora kiasi kwamba kiliruka nje ya mipaka ya usalama ya viwanja vya mazoezi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi likarudia kichwa cha greni 150 hivi chenye kitako bapa, si kwa sababu kilipiga vizuri zaidi, bali kwa sababu kiliishiwa nguvu mapema.

Hata hivyo haitoshi kichwa kuwa kirefu, kwa sababu kitu kirefu kikirushwa hewani hupenda kujigeuza ubavu, na kinachokizuia ni kuzungushwa kama pia. Ndani ya mtutu wa bunduki za kisasa kumechongwa mifereji inayojisokota, ambayo hukishika kichwa na kukizungusha kinapopita, na kichwa cha futi 2,700 kikitoka kwenye mtutu ambao mifereji yake hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 10 huzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Mwaka 1879 George Greenhill, aliyefundisha hisabati kwa maafisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni ya kukadiria msokoto unaohitajika, na jambo linaloshangaza kidogo ndani yake ni kwamba kinachotawala ni urefu wa kichwa ukilinganishwa na kipenyo, wala si uzito kwa wenyewe. Mjazaji anayenunua vichwa virefu kwa kuvutiwa na kizigeu chake, huku mtutu wake ukiwa na msokoto wa polepole, huviona vikitoboa karatasi kwa ubavu.

Siku hizi kasi haihitaji ubao wala utepe, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 kronografu zenye vihisi viwili vya mwanga zimeingia mikononi mwa watu wa kawaida, na baada yake rada ndogo za kuwekwa pembeni mwa mpigaji. Vyombo hivyo vimefichua kwamba risasi 10 zilizojazwa kwa uangalifu uleule hazitoki kwa kasi moja, na kwa anayelenga mbali tofauti kati ya risasi na risasi ni muhimu kuliko wastani wake, kwani kwenye mita 900, ambako kichwa cha kawaida kimeshaanguka mita 10 na zaidi kutoka kwenye mstari wa mtutu, pengo la asilimia 1 ya kasi linaweza kuhamisha pigo kwa sentimita 20. Ndiyo maana wajazaji wenye uzoefu huchagua mara nyingi kipimo cha baruti kilicho chini ya kikomo, ambacho kasi yake hairuki-ruki.

Yote hayo yanahusu safari, lakini kwa mwindaji safari si mwisho wa kazi. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani vichwa vinavyotanuka mwilini, baada ya malalamiko kuhusu risasi za kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta, ilhali sheria za uwindaji katika majimbo mengi ya Marekani zinataka hasa vichwa vya aina hiyo, kwa hoja kwamba mnyama afe upesi asitoroke na jeraha. Kutanuka hutegemea kasi pia: kichwa laini kikifika kwa kasi kupita kiasi hupasuka juu ya ngozi na bega, na kigumu kikifika kimechoka hupenya bila kufunguka. Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa kusikitisha. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ambako misafara ya Waswahili wafanyabiashara wa pembe ilikuwa imemtangulia, aliua zaidi ya tembo 1,000 katika maisha yake, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye kichwa kirefu, chembamba, kisichotanuka, cha greni 173 na kasi ya wastani tu, kwa sababu kichwa hicho hakikupinda kilipopita kwenye mfupa wa fuvu kuelekea ubongo. Wenzake walibeba bunduki nene zenye teke la punda. Uhodari wake wa balistiki haukanushiki, na hasara waliyoiachia nyika ya Karamoja yeye na wenzake pia haikanushiki.

Katika miaka ya karibuni uchaguzi wa kichwa umepata sababu mpya isiyohusu kulenga. Kichwa chenye kiini cha risasi, yaani metali yenyewe, huacha vipande vidogo ndani ya nyama, na ndege wanaokula mizoga na matumbo yaliyoachwa porini huvimeza na kupata sumu. Kondori wa California, waliobaki 22 tu mwaka 1982, wameendelea kuuawa na sumu hiyo hata baada ya kuzalishwa na kurudishwa porini, na tangu tarehe 1 Julai 2019 jimbo hilo limepiga marufuku metali hiyo katika uwindaji wote wa kutumia bunduki. Mbadala unaotumika zaidi ni shaba nyekundu tupu, lakini sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3 wakati ya shaba haifiki gramu 9, na kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule hakina budi kuwa kirefu zaidi, kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, na kanuni ya Greenhill inakidai msokoto mkali zaidi ndani ya mtutu. Mwindaji wa California mwenye bunduki ya zamani hulazimika basi kushuka uzito na kutafuta kichwa cha shaba kilicho kifupi na chepesi, ambacho hewa itaila kasi yake mapema, na akimweleza Mswahili anachokifanya mezani kwake, itambidi aseme kwamba anajaza risasi zisizo na risasi.